Mtandao Kukatika si Ruhusa ya Kuiba



Juma hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa sura ya nje ni la mafundi, lakini ndani yake lina suala la haki. Katika kikao cha mwisho cha Halmashauri ya Walei lilitolewa pendekezo kwamba kompyuta ya ofisi ya parokia iondolewe mfumo endeshi huria, ule ambao watunzi wake wenyewe wameutoa bure, na mahali pake uwekwe wa kulipia, kwa nakala ambayo fundi wa stendi huiweka kwa shilingi elfu kumi. Wengi walilipokea kwa makofi. Sisi tunalipinga, na ni haki yenu kujua sababu.

Chanzo chake mnakijua. Alhamisi ile, kijana wa VIWAWA anayejitolea ofisini aliweka sasisho la toleo la majaribio la mfumo huo. Mashine ilipowaka upya kila kitu kilikuwa mahali pake: barua, mahesabu, hata printa iliitika. Mtandao tu ndio haukuwepo. Kwa matoleo ya aina hiyo jambo hili hutokea. Moyo wa mfumo, ambao mafundi huuita kerneli, unapobadilishwa, ile programu ndogo inayoiwezesha kadi ya mtandao kufanya kazi, yaani draiva, inaweza kubaki imeandaliwa kwa kerneli ya zamani, na hapo viwili hivyo havielewani tena. Adha kubwa ni kwamba tiba ya ugonjwa huo hupatikana mtandaoni, na mgonjwa hana njia ya kufika huko.

Mwezi Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, tulikwama pamoja nchi nzima, na majirani zetu pia, hivyo hakuna aliyemlaumu mwenzake. Safari hii kila aliyeingia ofisini alikuwa na simu mkononi inayofanya kazi vizuri. Ndiyo maana lawama zilipata mtu wa kuangukia mara moja.

Lakini tuseme wazi kilichotaka kuharibika, kwa maana hakikuwa kitu kidogo. Paroko mmoja wa upande wa Geita alikuwa ametuandikia kwa barua pepe akiomba cheti kipya cha ubatizo cha kijana wetu anayefunga ndoa huko. Ombi hilo lilikaa siku mbili bila kusomwa, kwa sababu sanduku la barua la parokia hufunguliwa katika mashine hiyo peke yake. Tulilijua Jumamosi, mama yake bwana harusi alipofika kutoka kigangoni akiwa na wasiwasi, kwani ndoa ilikuwa imebakiza juma moja.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini Kanisa husumbua watu kwa karatasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na katika kitabu cha ubatizo yaandikwe pia kipaimara na mambo yahusuyo hali ya mwamini, ndoa ikiwa miongoni mwake. Kanuni ya 1122 inataka ndoa iliyofungwa mbali na parokia ya ubatizo itolewe taarifa huko mapema iwezekanavyo. Katika ukanda wetu wa dhahabu, ulinzi huo unamhusu binti wa mtu. Kijana aliyebatizwa Shinyanga huifuata dhahabu hadi Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola. Anaishi kambini miaka mitano, na huko hakuna anayejua kama aliacha mke nyumbani. Ukurasa wake wa ubatizo unajua. Binti anayemkubali kijana huyo ana haki ya kupata jibu la ukurasa huo kabla ya kusimama altareni.

Na jibu lilipatikana. Wakati vijana wakihangaika na kompyuta, katekista wetu mzee alisema kwa sauti ya chini, “Baba Paroko, kitabu kiko kabatini.” Akakifungua, akanakili kwa kalamu juu ya fomu, sisi tukatia sahihi na muhuri, na asubuhi ya Jumatatu cheti kikapanda basi la Geita. Kwa hiyo kumbukumbu haikupotea hata kwa saa moja. Iliyopotea ni njia, tena kwa siku chache.

Njia nayo ilirudishwa na kijana yule yule, jambo ambalo katika kikao halikusemwa. Kwanza alijaribu kuiwasha mashine kwa kerneli ya zamani, kwani mifumo mingi ya aina hii huibakiza na kuiweka katika orodha inayoweza kufunguliwa wakati wa kuwaka. Hapa ilikuwa imeshaondolewa. Ndipo akaunganisha simu yake kwa waya, ili kompyuta ipite katika mtandao wa simu bila kuitegemea kadi yake iliyogoma. Kwa njia hiyo nyembamba akavuta draiva inayolingana na kerneli mpya. Kama simu nayo ingekataa, angepakua faili hilo katika kompyuta nyingine na kulileta kwa flashi.

Wana Geita watakumbuka mwishoni mwa Januari 2017, wachimbaji 15 walipofukiwa katika mgodi wa RZ kule Nyarugusu. Kabla ya kutolewa wote wakiwa hai, lilipitishwa kwanza bomba jembamba, na kwa hilo wakafikishiwa chakula na kuwasiliana na walioko juu. Hatulinganishi kompyuta na uhai wa mtu, Mungu apishe mbali. Tunachosema ni kwamba watu wa migodini wanajua kuliko sisi kuwa hakuna anayeshuka duarani bila mwenzake kushika kamba juu. Mashine ya majaribio nayo iwe na kamba: kerneli ya zamani isifutwe, draiva ya akiba iwe katika flashi, na waya wa simu uwepo ndani ya droo.

Wako wanaosema kwamba vya bure huharibika kwa kuwa ni vya bure. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro, la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na ndege nyingi zikakwama viwanjani. Hizo zilikuwa mashine za mfumo wa kulipia, tena wenye mikataba na wataalamu.

Wala jaribio si uhuni. Mradi wa Debian, ulioanza mwaka 1993, hupitisha programu zake katika vyumba vitatu: kisicho imara, cha majaribio, na kilicho imara. Hicho cha kwanza wamekipa jina la Sid, yule mtoto mvunja midoli katika filamu ya Toy Story. Kwa hiyo anayeingia humo ameonywa tangu mlangoni. Wanaokubali kukaa na Sid ndio hugundua kasoro kabla hazijatufikia sisi wengine. Mama Kanisa naye anaijua njia hiyo. Mwaka 1966, katika barua yake Ecclesiae Sanctae, Papa Paulo VI aliyaruhusu mashirika ya kitawa kufanya majaribio katika katiba zao, mradi lengo na asili ya shirika vilindwe.

Tunarudi kwenye ile nakala ya stendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Anayeichukua bila idhini ya mwenyewe anagusa amri ya saba, hata kama alimlipa fundi, kwa kuwa fundi hakuwa mwenye mali. Tena nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi, na ofisini humo mna siri za ndoa za watu. Sisi tunaofundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza wasichukue hata embe la jirani, tutaandikaje vyeti vya sakramenti kwa chombo cha namna hiyo?

Mapendekezo yetu ni haya. Kompyuta ya ofisi ipate toleo imara la mfumo huria, bila gharama. Ile kompyuta kuukuu iliyoko stoo wapewe VIWAWA, wasasishe na kuvunja watakavyo. Barua pepe ya parokia ifunguliwe pia katika simu ya ofisi. Vitabu vibaki kabatini, na ufunguo kwa katekista.

Kikao kitaendelea Dominika ijayo baada ya Misa ya pili. Wenye hoja tofauti waje nazo, na kijana wetu tumemwomba ahudhurie; tunaomba apewe nafasi ya kusema.