Kama Floribert ni mwenyeheri, bahasha ndani ya kanisa ni nini?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kindu, Lubumbashi, na nyinyi wote mnaotusoma mbali na nyumbani,

Tarehe 15 mwezi wa 6, 2025, kule Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri. Kijana wa Goma. Hakuwa padri, hakuwa askofu. Alikuwa mfanyakazi wa OCC, ile ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia mpakani. Mwaka 2007 alikataa kuachilia chakula kilichooza kiingie sokoni. Walimpa makuta ili afunge macho, akakataa. Walimteka, na tarehe 8 mwezi wa 7 aliuawa. Alikuwa na miaka 26.

Wengi wetu tulifurahi ile siku. Picha yake iko kwenye simu zetu, iko kwenye kuta za parokia. Lakini tunaomba tusimame kidogo hapa, juu kuna jambo ambalo watu wanapita haraka sana.

Ili mtu atangazwe mfiadini, Kanisa halitafuti tu kama aliuawa kwa ubaya. Linatafuta kama aliuawa kwa sababu ya imani yake. Kwa Floribert, watu wangeweza kusema: huyu alikuwa mfanyakazi mwaminifu, basi, hii ni mambo ya duane na biashara, imani inaingia wapi? Kanisa lilichunguza miaka mingi, na mwezi wa 11, 2024 Papa Francis akakubali: ndiyo, ni mfiadini. Maana yake ni nini kwa lugha ya kartie? Maana yake, kukataa matabishi ile siku pale mpakani ilikuwa kumkiri Kristo. Hayo si maneno ya vijana wa maandamano. Njo mafundisho ya Kanisa lenyewe sasa.

Basi sisi tunauliza swali moja tu. Kama kukataa bahasha ni imani, kupokea bahasha ni nini?

Tuseme wazi kile ambacho tunakiona wote. Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, gari za waheshimiwa zinajaa ndani ya lupango ya kanisa. Mheshimiwa anakaa kiti cha mbele, hata kama kwa miaka 4 hakuna aliyemuona kwenye Misa. Wakati wa matangazo anapewa mikro. Anatoa mifuko ya simenti, anatoa manjanja, anatoa vyombo vya muziki kwa kwaya. Watu wanapiga makofi, padri anamshukuru kwa jina na kumwombea baraka. Hakuna anayeuliza: mtu ambaye mshahara wake unajulikana, hii yote imetoka wapi? Jumapili inayofuata, mahubiri ni juu ya ubaya wa rushwa.

Si kila parokia iko hivyo, tunajua. Kuna mampadri wanaokula maboga sawa na wakristo wao na wanaolala bila kufunga mlango wakati risasi zinalia, kwa sababu watu wamekimbilia kwao. Hao tunawaheshimu kabisa. Na Kanisa hili lina historia ambayo hakuna chama cha siasa Congo kinaweza kuwa nayo. Hatuisahau, na kwa sababu hiyo njo tunaongea.

Tukumbushane. Tarehe 16 mwezi wa 2, 1992, wakristo wa Kinshasa walitoka barabarani kuomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari wa Mobutu wakawapiga risasi. Tarehe 29 mwezi wa 10, 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu. Alikuwa amebaki na watu wake wakati wakubwa wa serikali walikuwa wamekwisha kukimbia. Aliyekuja nyuma yake, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli 1999 kuwalaumu wageni na Wacongomani wenzao waliokuwa wanakula jasho la watu. RCD iliyokuwa inatawala Bukavu ikamfukuza jimboni kwake mwezi wa 2, 2000, akakaa Butembo mpaka mwezi wa 9. Kati ya mwezi wa 12, 2017 na mwezi wa 2, 2018, Kamati ya Walei, ile CLC, iliita watu watoke makanisani na rozari mkononi kudai makubaliano ya Saint-Sylvestre yaheshimiwe. Thérèse Kapangala aliuawa Kintambo, kwenye kanisa. Rossy Mukendi aliuawa Lemba, kwenye parokia ya Saint-Benoît. Wote wawili walikuwa vijana kama sisi.

Kwa hiyo tukiliomba Kanisa liishi vile linafundisha, hatuliombi jambo geni. Tunaliomba lifanane na watoto wake wenyewe.

Lakini historia ina upande mwingine pia, na huo tusiufiche. Mwaka 1906, Vatikani na dola ya Leopold wa Pili walitia sahihi makubaliano: misioni zinapewa ardhi, na misioni zinaanzisha mashule ambayo dola inayakagua. Ilikuwa wakati wa mpira, wakati wa fimbo na mikono iliyokatwa. Kuna wamisionari waliopinga, lakini Kanisa lililokuwa limepewa ardhi lilikuwa na shida ya kumkemea aliyeitoa. Miaka 3 baadaye, 1909, Isidore Bakanja alikufa kwa sababu ya vidonda vya fimbo alizopigwa na mkubwa wa kampuni, kisa alikataa kuvua skapulari ya Bikira Maria. Leo naye ni mwenyeheri. Angalia vizuri: mkristo wa chini alisimama na imani yake peke yake, na wakubwa walikuwa wamefungwa na zawadi.

Njo hapo shida iko. Zawadi ya mwenye nguvu haiji bule. Haihitaji hata kusema neno. Siku padri atakapotaka kuongea juu ya barabara iliyoliwa makuta, ataangalia juu, ataona manjanja, na atakumbuka nani aliyanunua.

Tunajua majibu tutakayopewa. Tuyachukue moja moja.

Jibu la kwanza: «Kanisa ni maskini. Serikali haisaidii. Nani atajenga?» Ni swali la kweli. Paa linavuja kweli na kituo cha afya hakina dawa kweli. Lakini mafundisho hayakunyamaza juu ya hilo. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani, hakusema atanunua benchi za sinagogi. Alisema atawarudishia wale aliowadhulumu, mara nne. Makuta yalirudi kwa wenyewe. Na Yuda aliporudisha vile vipande vya fedha, makuhani wa hekalu, wale wale waliomnunua, walikataa kuviweka katika hazina, kwa sababu ilikuwa bei ya damu. Hata wao walijua kuna makuta ambayo hayaingii katika hazina ya Mungu! Sisi wakristo wa Congo tutashindwa na wao?

Halafu tuseme ukweli: kanisa nyingi za kwetu hazikujengwa na waheshimiwa. Zilijengwa na mama anayeuza samaki sokoni, na mwendesha chukudu, na mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa. Mia tano mia tano. Hao hawapewi mikro.

Jibu la pili: «Makanisa ya uamsho yanafanya vibaya zaidi.» Inawezekana. Kuna wachungaji wanaouza maji na mafuta, na wanaotabiria kila mgombea kwamba njo Mungu amemchagua. Maneno yetu yanawahusu hao pia, na Waprotestanti, na kila mtu anayeshika Biblia kwa mkono mmoja na bahasha kwa mwingine. Lakini tumeanza na Kanisa Katoliki kwa sababu mbili. Ya kwanza: sauti yake inasikika kuliko zote katika hii inchi, maaskofu wakiongea hata Ikulu inajibu. Ya pili: ni lenyewe limemweka Floribert kwenye altare. Mtu anayeinua taa juu, watu watamwona na yeye pia.

Jibu la tatu: «Nyinyi vijana munataka kubomoa Kanisa.» Hapana. Wengi wetu tulibatizwa humo, tulisoma katika mashule yake, tulijifunza kuongea mbele ya watu katika kwaya na katika shirika. Mtoto anayemwambia baba yake «nguo yako imechafuka» hajamtukana. Aliyemtukana ni yule aliyeona akanyamaza, halafu akacheka nyuma.

Na mambo hayaishii kwa waheshimiwa. Kuna yale madogo ambayo yanaumiza maskini kila siku. Mtu anafariki, na kabla ya kumpangia Misa ya maziko wanaangalia kwanza kama alikuwa amelipa michango yote. Kijana anahitaji cheti cha ubatizo ili afunge ndoa, anaambiwa alete kwanza deni la miaka 3. Mtoto anafukuzwa darasani, na shule ina jina la mtakatifu juu ya mlango. Katiba ya 2006, sheria ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure na ya lazima, na mashule mengi ya Kanisa yamo katika mfumo huo wa serikali. Tunajua serikali ilitangaza bure tangu 2019 na kuacha walimu wengi bila mshahara wa kweli. Kosa hilo ni la serikali, na tumelisema. Lakini mtoto wa miaka 7 anayetembea barabarani saa 3 asubuhi na daftari lake, huyo hakutia sahihi bajeti ya taifa. Kumfukuza yeye ili serikali isikie, ni kumpiga mnyonge ili mwenye nguvu aone huruma. Mwenye nguvu haoni.

Kwa hiyo, bila matusi na bila kuogopa, tunaomba mambo matano.

Moja. Kila parokia ibandike mlangoni, kila miezi 3, makuta yaliyoingia na yaliyotoka. Karatasi moja inatosha. Anayewafundisha watu uwazi aanze na kapu lake.

Mbili. Mwenye cheo cha serikali au mgombea asipewe mikro ndani ya Misa, wala kiti cha pekee. Akija kusali, karibu sana, akae na watu.

Tatu. Zawadi yoyote kubwa ya mtu wa siasa itangazwe: jina, kiasi, na imetoka katika mfuko gani. Kama ni makuta ya serikali, basi si zawadi yake, ni haki yetu, na yapite katika njia ya bajeti. Kama hawezi kueleza yametoka wapi, arudi nayo.

Ine. Maziko ya maskini na cheti cha ubatizo visiwe rehani ya michango. Mchango ni wa moyo. Ukigeuka kodi, tuite kodi.

Tano. Kila tarehe 8 mwezi wa 7, ile siku Floribert aliuawa, isiwe tu Misa na nyimbo. Iwe siku ambapo kila mkristo anayefanya kazi duane, polisi, tribinali, manispaa, shule na hospitali anaulizwa mbele ya wenzake: wewe, kule kazini, unafanya nini bahasha ikija?

Na hapo swali linatugeukia sisi vijana pia. Papa Francis alipokutana na vijana Kinshasa, tarehe 2 mwezi wa 2, 2023, katika Stade des Martyrs, aliwataja Floribert na rushwa kwa pamoja, na uwanja mzima ulipaza sauti kuikataa. Ilikuwa vizuri kuona. Lakini kupaza sauti katika umati wa watu ni rahisi. Floribert hakuwa na umati, alikuwa na mifuko ya chakula kilichooza mbele yake, na watu wanaomsukuma asaini. Kijana anayeimba jina lake leo na kesho anaomba tishati na bia ya kampanye, huyo amemuuza tena. Kwaya inayomwandikia mgombea barua ya kuomba sare, nayo ijiulize itaimba nini siku yule mgombea atakapoiba.

Wale waliokula ugali na wali Goma mwaka 2007 bila kuugua hawakujua nani aliwalinda. Pengine baadhi yao ni wazazi wetu. Pengine ni sisi wenyewe, tulikuwa watoto. Yeye alilipa, sisi tulikula salama.

Kanisa limesema maisha yake ni ya kuigwa. Sisi tumelichukua kwa neno lake. Tunangoja kuona paroko wa kwanza atakayesimama Jumapili, mbele ya watu wote, na kumwambia mheshimiwa: aksanti, rudi na bahasha yako. Hiyo siku paa linaweza kuvuja, lakini kanisa litajaa.

Wewe unayesoma, tuma maneno haya katika shirika lako, katika kwaya yako, kwa baba paroko wako. Kwa heshima. Na umwombe jibu.