TAHARIRI: Visima vya Mpanda ni Mtihani wa Dunia, Vijana wa Katavi Tuko Wapi?

Makamanda, kuna shindano la kompyuta limekaa mtandaoni zaidi ya miaka kumi sasa, linaitwa Pump it Up. Walioliweka ni DrivenData wa Marekani, na maelfu ya watu wa kila pembe ya dunia wameshalicheza. Unapewa habari za kituo cha kuchotea maji: nani alitoa fedha, nani alijenga, mwaka gani, kiko kata ipi, maji yanatoka ardhini au mtoni, wananchi wanalipia au hawalipii. Kazi yako ni kuandika programu itakayosema, bila wewe kufika pale, kama kituo hicho kinatoa maji, kinatoa lakini kinadai matengenezo, au kimekufa.

Vituo vyenyewe si vya India wala Brazil. Ni vya Tanzania. Takwimu zilitoka Wizara ya Maji kupitia mfumo wa Taarifa, nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Na sisi tumo! Ukitafuta jina la Katavi hulioni, kwa sababu mkoa wetu ulizaliwa Machi 2012 na orodha ile bado inatuhesabu Rukwa. Lakini shuka kwenye safu ya wilaya, Mpanda hii hapa. Yaani kuna kijana yuko Hanoi au Lagos anajifunzia kazi kwa bomba ambalo mama zetu wanalipita kila siku na ndoo kichwani, wakienda kuchota mtoni.

Zimetolewa kumbukumbu 59,400 za kufanyia mazoezi. Vituo 32,259 vilikutwa vinafanya kazi. Vituo 4,317 vinafanya kazi kwa kuchechemea. Vituo 22,824 vimekufa. Hiyo ni karibu vinne katika kila kumi, na aliyehesabu si mpinzani.

Mchezaji mvivu anaandika programu ya mstari mmoja inayosema kila kituo kinatoa maji, anajipatia asilimia 54 bila jasho. (Ndiyo programu inayotumika kwenye hotuba nyingi za kukata utepe.) Wanaoongoza wamefika karibu asilimia 83, na hawakupiga ramli. Walikaa na safu zile mpaka zikaanza kusema. Kwamba palipoandikwa wananchi hawalipii kabisa, mitambo imekufa zaidi kuliko wanapochangia kwa mwaka, maana hakuna hela ya kununua hata kipuri. Kwamba maelfu ya vituo mwaka wa kujengwa umeandikwa sifuri. Kwamba vipo vituo zaidi ya elfu moja ambavyo ukiviweka kwenye ramani vinaangukia baharini, huko Ghuba ya Guinea, kwa sababu aliyejaza fomu aliacha sifuri penye majira ya nukta.

Halafu kuna safu ya mfadhili. Chagua mistari yote iliyoandikwa Serikali ya Tanzania, hesabu. Vilivyokufa ni vingi kuliko vinavyotoa maji. Nitakuwa muungwana hapa: vingi ni vya zamani, na RUWASA ilianza 2019, baada ya takwimu hizi, kwa hiyo simbebeshi mtu wa leo mzigo wa jana. Ila basi tuonyeshwe za leo. Sensa ya 2012 ilitukuta Katavi watu 564,604, ya 2022 ikatukuta 1,152,958. Mkoa umezidi mara mbili ndani ya miaka kumi na hao wote wanakunywa maji.

Sasa kwa nini nayaleta haya kwenye ukurasa wa vijana wa chama? Kwa sababu hoja ya maji tunaibeba kila mkutano wa hadhara na kila mara inatuishia mdomoni. Sisi tunasema maji hakuna, mkubwa anajibu kwa asilimia ya upatikanaji, waandishi wanaandika asilimia, tunarudi nyumbani. Asilimia haijibiwi kwa sauti kubwa. Inajibiwa na mtu anayeweza kulifungua jedwali, akauliza kata gani, kituo gani, na kwa nini hiki kimehesabiwa mara mbili. Mtu huyo hatupewi na makao makuu. Inabidi tumtengeneze hapahapa Mpanda, na mahali pa kumtengenezea papo na ni bure: mafumbo na mashindano ya kuandika programu.

Huwezi kuanzia kwenye jedwali la safu arobaini. Unaanzia chini, kama drafti. Nenda kijiwe chochote cha Makanyagio au Nsemulwa jioni, utamkuta dogo hana hata cheti cha kidato cha nne lakini anaona hatua tano mbele, anakuachia kete moja ya kizibo ile ili akule tatu. Akili hiyohiyo ndiyo inayotakiwa. Hajawahi kuonyeshwa tu kwamba kuna ubao mwingine.

Chukua Project Euler, mafumbo ya hesabu yaliyoanza 2001. Swali lake la kwanza linasema: tafuta jumla ya namba zote zilizo chini ya 1,000 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Unaweza kuiamuru kompyuta ipite kuanzia 1 hadi 999, iokote zinazofaa, ijumlishe. Mistari minne ya Python. Lakini hata usipokuwa na kompyuta, chukua penseli. Za 3 ziko 333, jumla yake 166,833. Za 5 ziko 199, jumla 99,500. Wengi wanajumlisha hizo mbili wanaondoka wakishangilia, wanakosa. 15, 30, 45 na wenzake wameingia kotekote. Wako 66, jumla 33,165, watoe mara moja. Unabaki na 233,168.

Ukishanaswa na 15 hiyo siku moja, hutasomewa tena taarifa ambamo mradi uleule umehesabiwa kwa jina la kijiji, ukahesabiwa tena kwa jina la kata, ukapiga makofi.

Ukizoea, nenda Codeforces. Ilianzishwa 2010 na Mike Mirzayanov wa Chuo Kikuu cha Saratov, Urusi. Huko mnashindana maelfu kwa wakati mmoja, kama saa mbili hivi, maswali yakipanda ugumu, na kila ukituma jibu seva inalijaribu kwa mifano ambayo hujaiona. Hakuna kujuana, hakuna barua ya mjumbe, hakuna anayeuliza baba yako ni nani. Unaanza na rangi ya kijivu, unapanda kijani, bluu, mpaka nyekundu ya mabingwa. Na bahati iliyoje, saa za Moscow na za kwetu ni zilezile. Mashindano mengi yanaanza saa 11:35 jioni, hakuna haja ya kukesha. Maswali ni maandishi matupu, hayali bando kama video. Nimeona watu wanaanza kwa simu janja na daftari, na mimi ni mmoja wao.

Kuna wanaoniambia akili mnemba sasa inafumbua mafumbo haya kwa sekunde chache, ya nini kujisumbua? Kikokotoo kipo tangu zamani na bado mkulima asiyejua hesabu anapigwa kwenye mizani ya tumbaku na lumbesa ya mpunga. Mashine ikikupa jibu lenye 15 mara mbili, nani ataligundua? Na nisiwadanganye vijana: kushinda fumbo si ajira. Hata Google waliyafunga mashindano yao ya Code Jam mwaka 2023 baada ya miaka ishirini. Ila Ethiopia kuna mpango wa A2SV, ulianza 2019, unawapika wanafunzi wa vyuo kwa mafumbo hayahaya kwa miezi, na wapo walioingia kampuni kubwa za dunia kwa mlango huo. Addis Ababa si Marekani.

Kwetu kinachokwamisha si akili. Ukishatuma jibu la kwanza Codeforces umehesabiwa umeshiriki. Umeme ukikatika dakika ya ishirini, alama zako zinashuka kana kwamba umeshindwa. Mji huu umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, kila mtu wa Mpanda anajua ladha yake. Bando nalo bei yake mnaijua. Na juu ya hayo yote kuna mkono wa watawala: Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Kijana anayejifunza kwa simu hakuwa na pa kwenda siku zile, na anayefanya kazi za nje kwa mtandao alimweleza nini mteja wake?

Kisheria asilimia 4 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni mikopo ya vijana. Inakwenda kwenye bodaboda, matofali na kuku, sina ugomvi na kuku. Lakini madiwani waulizwe kama kikundi cha vijana kumi wenye kompyuta tatu na sola nacho kinaweza kukopesheka. Na shule zenye chumba cha kompyuta, chumba hicho saa kumi jioni kinafungiwa nini? Kompyuta haichoki.

La pili ni takwimu. Tumeandaa barua kwenda kwa wahusika wa maji mkoani, tunaomba orodha ya vituo vyote vya Katavi vya mwaka huu, kata kwa kata: kilijengwa lini, kwa fedha ya nani, mara ya mwisho kilitengenezwa lini, na leo kinatoa maji au hakitoi. Tunaitaka kwenye faili ambalo kompyuta inalisoma, si picha ya karatasi yenye mhuri. Wakitupa, tutalichambua na kulirudisha kwa wananchi. Wakikataa, tutaanza kuzunguka wenyewe na simu, kuanzia Kakese.

Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya chama. Njoo na simu na daftari, kadi ya chama si lazima. Tunaanza na lile swali la 3 na 5, na jibu mmeshalijua, kwa hiyo mtaulizwa njia.