Mwana Anapoisimulia Nyumba Iliyomlea

Ndugu msomaji, yapo majina ambayo mzazi akiyasikia yakitajwa katika chumba cha vijana huinuka mara moja kwenda kuzima muziki. Killer Mike ni mojawapo. Maana yake ni Mike Muuaji, ingawa alichosifiwa kwacho ni umahiri wa kuwashinda wenzake kwa kughani, wala si kumwaga damu. Juma hili nakuomba tusikilize kwanza, ndipo tuhukumu. Maana santuri yake iitwayo "Michael" yazungumzia jambo linalotuhusu sote tuleao watoto.

Jina lake la nyumbani ni Michael Render. Alizaliwa mwaka 1975 mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Mama yake alimzaa angali msichana mdogo, na kwa sehemu kubwa mtoto akalelewa na bibi na babu yake katika mtaa wa Adamsville. Alianza kujulikana mwaka 2001 alipoghani pamoja na OutKast, kundi la mji huohuo lililowalazimisha mabingwa wa New York na Los Angeles waache kuidharau rap ya Kusini. Mwaka 2012 alitoa santuri yenye wimbo uliopewa jina la babu yake. Kisha ikapita miaka 11 bila santuri yake binafsi, kwani nguvu zake alizielekeza katika kundi la Run the Jewels.

"Michael" ilitoka tarehe 16 Juni, 2023, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 48. Ina nyimbo 14, na ndani yake mnasikika kinanda cha kanisani na sauti za kwaya. Jalada lake lina picha yake ya utotoni, amechorewa duara la nuru kichwani pamoja na pembe za shetani. Kana kwamba anatuambia kuwa mtoto huyo angaliweza kufuata njia yoyote kati ya hizo mbili.

Katika wimbo "Motherless", yaani asiye na mama, anamlilia mama yake aliyefariki mwaka 2017, na bibi yake pia. Hapo majigambo yote yamekwisha. Anayesema ni mtu mzima, naye ni baba wa watoto, aliyegundua kwamba uyatima hauna umri. Katika wimbo mwingine anawataja waliotekwa na madawa ya kulevya. Hawacheki, bali anawaona kuwa ni jamaa za watu.

Mwezi Februari, 2024, mjini Los Angeles, alipata tuzo tatu za Grammy, mojawapo ikiwa ya santuri bora ya rap. Siku hiyohiyo polisi walimkamata kufuatia ugomvi ukumbini, ingawa baadaye hakushtakiwa. Yumkini wapo walioisikia habari ya pingu wasiisikie kamwe ile ya mama.

Simshauri mtu awapigie watoto wadogo santuri hii. Lugha yake ni kali, na matusi hayakosekani. Lakini kijana aliyekwisha kubaleghe ataisikia tu, upende usipende. Basi ni heri uketi naye, umwulize anasikia nini ndani yake, na umweleze wewe unasikia nini. Amri ya kuzima muziki humaliza mazungumzo, ilhali swali moja la upole huyaanzisha.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bibi yule wa Adamsville hakulea mjukuu ili siku moja aimbwe. Alimlisha na kumkemea kama bibi wengine wote. Hata hivyo, kila neno lilihifadhiwa. Watoto wetu nao wanatusikiliza leo, na siku moja watatusimulia sisi tukiwa hatupo. Tuwape ya kusimulia.

Tuonane Jumapili ijayo, majaaliwa.