Paka si Mla Ukoko

Wapo waungwana wanaoshikilia kwamba paka akishibishwa hataua panya. Kwa hiyo humtupia ukoko wa ugali na kujiona wenye busara. Mimi nauita huo ubahili. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Anayelazwa na njaa huzidi tu kudokoa chunguni, kisha arushiwe kiatu kwa wizi!

Mbwa walau tumbo lake limezoea wanga. Mpe ugali uliochanganywa na dagaa au utumbo uliochemshwa, atalinda boma. Paka sivyo. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho huharibika hata akapofuka. Na mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba moyo wake nao hutanuka na kulegea. Tena wengi wa paka hao walilishwa vyakula vya dukani, vilivyodhaniwa kuwa kamili. Sembuse huyu wetu wa ukoko?

Konzi moja ya dagaa haimfilisi mtu anayekunywa soda mbili kwa siku.