Sukari iwekwe mezani, si kwenye sufuria

Sukari ikishatiwa kwenye sufuria ya kahawa, nyumba nzima inakunywa kipimo kimoja, hata bibi mwenye kisukari. Mgeni naye huona haya kukataa kikombe alichokaribishwa.

Kahawa inayolimwa zaidi Karagwe na Kyerwa ni robusta, ambayo ni chungu kuliko arabika, ndiyo maana wengi huiongezea sukari. Vijiko vitatu vya chai kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 36. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya soda na maandazi, isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi.

Usiache ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Chemsha kahawa na tangawizi, iliki au mdalasini. Ongeza maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Yana utamu wake. Maziwa mazito ya kopo yana sukari nyingi, na asali nayo ni sukari.

Wazee wetu hutafuna kahawa bila sukari na kuifurahia. Basi weka bakuli mezani, kila mtu ajipimie.