Kiwanda cha noti kisubiri

Wapo wanaotaka serikali ijenge kiwanda chake cha kuchapa noti na kufua sarafu, kwa hoja kwamba taifa huru halipaswi kuagiza fedha yake nje. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuitazame Kenya. Mwaka 2019 serikali yake ilichukua asilimia 40 ya kiwanda cha De La Rue jijini Nairobi. Januari 2023 uchapaji ukasimama kwa kukosa oda. Mitambo hiyo hula gharama hata ikiwa imelala. Uhuru wetu umo katika mamlaka ya Benki Kuu, tangu 1966, ya kuamua fedha kiasi gani iingie mtaani.

Pa kuokoa fedha ni pengine. Mwaka 2014 ilitolewa sarafu ya 500 kwa sababu noti yake ilichakaa upesi mno. Leo, msimu wa alizeti hapa Singida, noti ya 1,000 hufungwa kwenye pindo la kanga na kurudi mnadani imelegea, imechanika katikati. Watasema sarafu ni nzito mfukoni. Ni kweli, ila hudumu miaka mingi, na muuza nyanya hatakataliwa chenji yake kwa kuwa imechanika. Benki Kuu ianze na sarafu ya 1,000.