Risala ya Akina Mama wa Voi kuhusu Kisukari cha Mimba

KWA: Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati ya Afya, Bunge la Kaunti ya Taita Taveta

KUTOKA: Akina mama wa Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kifungu cha 37 cha Katiba kinaturuhusu kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na cha 43 kinatupa haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi. Kwa haki hizo mbili tunasimama mbele yako.

Tunalia na kisukari kinachoanza mwanamke akiwa mjamzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoizuia insulini kufanya kazi yake. Mwili ukishindwa kuongeza insulini, sukari hupanda katika damu ya mama na kumfikia mtoto. Mtoto hunenepa kupita kiasi, mabega yakaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, na mama akalazimika kupasuliwa. Mama huyo yumo pia katika hatari zaidi ya kupanda presha na kupata kifafa cha mimba. Mtoto akishazaliwa, sukari yake huweza kushuka ghafla saa za mwanzo. Wapo watoto wanaofia tumboni.

Haya huanza kimyakimya. Uchovu, kiu na kwenda haja ndogo kila mara, sote huambiwa ndiyo mimba yenyewe. Asiyepimwa hajui, na asiyejua hatibiwi.

MALALAMIKO YETU

1. Katika baadhi ya zahanati tunapimwa sukari kwa mkojo tu. Mkojo waweza kuonekana safi ilhali damu imejaa sukari. Kipimo kamili hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: mama hufika bila kula, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi, kisha hutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili.

2. Mama wa Kasigau akitumwa Voi mjini hutoka alfajiri kwa bodaboda hadi Maungu, akapanda matatu, tumbo likiwa tupu. Akiambiwa glukosi imekwisha, arudi wiki ijayo, nauli ya pili ataitoa wapi? Kijitabu chake cha kliniki hubaki na nafasi isiyojazwa hadi siku ya uchungu.

3. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupimia sukari. Vijiti vya kupimia vikiisha, mashine hazina kazi.

4. Tukikutwa na sukari tunaambiwa tupunguze wanga, basi. Hatuelezwi chakula chetu cha kimanga tule kiasi gani, wala ugali upungue kwa kiasi gani mchicha na maharagwe yakiongezwa.

5. Tukishajifungua tunasahauliwa, ingawa aliyepata kisukari cha mimba yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye.

MADAI YETU

1. Kila zahanati inayotoa huduma za kliniki iwe na glukosi, mashine na vijiti, na kila mjamzito apimwe damu bila malipo.

2. Wahudumu wa afya ya jamii wapelekewe vijiti kila mwezi, ili mama aliyekwisha kugunduliwa apimwe nyumbani kwake.

3. Insulini ipatikane karibu, pamoja na mahali pa kuihifadhi. Joto la Voi tunalijua sote, na nyumba nyingi hazina friji.

4. Wataalamu wa lishe waandae mwongozo kwa Kiswahili na Kitaita, unaotaja vyakula vya sokoni kwetu.

5. Mtoto anapoletwa chanjo ya wiki sita, mama aliyekuwa na sukari apimwe papo hapo, kisha kila mwaka.

6. Fedha za kazi hii zitengewe fungu lake katika makadirio ya bajeti yanayofika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Zikichanganywa na matumizi mengine, hatutaweza kuzifuatilia.

Mheshimiwa, tunataka majibu kwa maandishi, dai kwa dai, yasomwe katika baraza la hadhara hapa Voi. Lisilowezekana mwaka huu litajwe, na tarehe yake itajwe. Bajeti itakapojadiliwa, tutakuwa bungeni kusikiliza.

Sisi wenu katika ujenzi wa kaunti,

Akina mama wa Voi